Chupa ya kutoka Maskati inanielemea, nifanye nini?

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, nina miaka 37, nimeolewa na nina watoto watatu. Nilisita sana kukuandikia. Wengine wanakuletea habari za ndoa zinazovunjika, mimi nakuletea habari ya chupa ya maji. Lakini chupa hii imeninyima raha miezi minne sasa, na nyumbani nikiitaja naambiwa nakuza mambo.

Naishi Chanika, nafundisha jirani na Buguruni. Naamka saa 10 alfajiri, naandaa watoto, na saa 11:30 niko kituoni. Nikipata gari la moja kwa moja namshukuru Mungu. Nisipopata, nashuka Gongo la Mboto nagombea jingine. Siku nyingi nasimama njia nzima, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umekumbatia begi lenye madaftari ya wanafunzi, maandalio ya masomo, kontena la chakula na kanga. Darasa langu ni la pili, watoto 82 katika chumba kimoja, juu ni bati tupu bila dari. Kuanzia Desemba hadi Machi, ikifika saa 5 mle ndani ni tanuri. Kutwa napaza sauti, na vumbi la chaki linaishia kooni. Natoka saa 9:30 alasiri, nafika nyumbani saa 12 jioni, na siku za foleni giza linanikuta njiani.

Mwaka jana niliugua yutiai (UTI), yale maambukizi ya njia ya mkojo, mara tatu. Mara ya tatu daktari aliniuliza nakunywa maji kiasi gani kwa siku. Nikasema ukweli: asubuhi kikombe cha chai, mchana chupa ndogo ya nusu lita, na hiyo yenyewe siku nyingine inarudi nyumbani na maji. Akaniambia, "Mama, dawa nakupa, lakini usipokunywa maji tutaendelea kuonana hapa."

Nilimsimulia dada yangu anayefanya kazi za ndani Maskati. Hazikupita wiki tatu, akanitumia mzigo kwa mtu aliyekuwa anarudi. Nilipofungua nikakuta chupa ya stenlesi ya lita 1.2, ina mshikio ubavuni na mrija juu, rangi ya zambarau ninayoipenda tangu utoto wetu. Nililia, Mshauri. Najua mshahara wake, na najua ni watu wangapi wanaungoja huo mshahara.

Siku ya kwanza niliijaza maji na barafu, nikaisimamisha ndani ya begi. Kufika Gongo la Mboto begi lilikuwa limelala miguuni mwa watu, maji yametokea kwenye mrija, na madaftari 19 yameloa. Mengine wino ulitapakaa hata jina la mtoto halisomeki. Nilishinda nayaanika nyuma ya ofisi ya walimu. Siku iliyofuata nikaibeba mkononi. Konda akaniambia, "Mama, chupa yako inaumiza abiria." Nikajaribu kuijaza nusu ili iwe nyepesi, mchana nikakuta maji ya vuguvugu. Wiki ya pili bega likaanza kuniuma. Sasa iko juu ya kabati, nimeifunika kitambaa isipate vumbi.

Dada akipiga simu ya video haachi kuuliza, "Mwalimu, chupa inaendeleaje?" Nami najibu inaendelea vizuri. Juzi aliniambia nimwonyeshe, nikamwambia nimeisahau shuleni. Baada ya simu ile sikulala.

Nimewaza kununua nyingine. Kariakoo nimeona za Sh 15,000, za 28,000 na za 45,000. Zote kwenye boksi zimeandikwa zinatunza baridi saa 24 na moto saa 12. Muuzaji ananiambia zote sawa, tofauti ni rangi. Mwezi huu ni zamu yangu kupokea mchezo, kwa hiyo hela ninayo. Baba watoto anasema kununua chupa ya pili wakati ya kwanza iko kabatini ni ufujaji, nichukue chupa tupu ya maji ya dukani nijaze, maji ni maji. Mama mkwe anasema maji ya baridi ndiyo yanayoniletea huo ugonjwa. Mwalimu mwenzangu ananishauri ninunue moja nzuri niitumie kwa kila kitu, asubuhi chai ya maziwa, mchana maji.

Nisaidie. Ninunue ipi? Au nijilazimishe na hii ya dada yangu? Na yeye nimwambie nini?

Mwalimu wa Chanika

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, Mwalimu. Pole kwa maradhi, pole kwa yale madaftari. Wala usijione umeleta jambo dogo. Aliyeugua mara tatu ndani ya mwaka kwa kukosa maji ana kila sababu ya kuuliza habari ya chupa, tena kwa urefu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unauliza ununue ipi, lakini ndani ya swali hilo umefungasha mambo ambayo hayalingani uzito. Kuna mwili wako unaotaka maji. Kuna chupa nzuri isiyokubaliana na safari yako. Na kuna dada yako, uliyeanza kumficha. Nahisi hili la mwisho ndilo linalokunyima usingizi, ingawa umelitaja kwa maneno machache kuliko yote. Nitalirudia. Kwanza niruhusu nikuulize jambo moja.

Umeandika kwamba hata ile chupa ya nusu lita ilikuwa inarudi nyumbani na maji. Nilipofika hapo nilisimama. Nusu lita haiumizi bega wala haijazi begi, na bado hukuimaliza. Ni kwa nini? Pengine maji yalikuwa yameshapata joto la darasa na hayanyweki. Pengine huoni nafasi ya kunywa mbele ya watoto 82 ambao nao wana kiu. Au pengine ni jambo ambalo hukuliandika: choo. Mwanamke anayejua kwamba choo cha shule hakifungiki, au hakina maji, au foleni yake ni ya watoto mia, na kwamba mbele yake kuna saa mbili za kusimama kwenye daladala, hujifunza kutokunywa bila hata kuamua. Kama ndivyo ilivyo kwako, chupa ya Sh 45,000 itakaa mezani imejaa maji ya baridi kabisa, nawe hutayagusa. Na kubana mkojo kwa muda mrefu kunawapa nafasi vijidudu vile vile vinavyokuumiza. Sisemi ndiyo sababu yako. Nakuomba ujiangalie siku chache kabla hujaenda Kariakoo. Likiwa ni choo, maongezi na mwalimu mkuu kuhusu kitasa, ndoo ya maji na funguo ya walimu wa kike yanaweza kukusaidia kuliko duka lolote, ingawa najua si maongezi mepesi, hasa mwalimu mkuu akiwa mwanamume. Tafuta wenzako wawili mwende pamoja.

Daktari wako alisema kweli kuhusu maji. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Bulgaria kwa wanawake 140 waliokuwa kama wewe, wanaugua yutiai mara kwa mara na wanakunywa maji chini ya lita 1.5 kwa siku. Nusu yao waliambiwa waongeze lita 1.5 kila siku kwa mwaka mzima, wengine wakaendelea na kawaida yao. Walioongeza maji waliugua kwa wastani mara 1.7 katika mwaka huo, wenzao mara 3.2. Lakini kilichonivutia kwa ajili yako ni namna walivyoyanywa. Hawakupewa dumu la kubeba kutwa. Walipewa chupa tatu za nusu lita: unaianza moja kwenye mlo, unaimaliza kabla ya mlo unaofuata.

Hebu lipange hilo juu ya siku yako. Nusu lita ya kwanza unaweza kuinywa saa 10 alfajiri, taratibu, wakati unaandaa watoto, ili ikifika saa 11:30 uwe umeshaenda chooni na tumbo limetulia kwa safari. Ya tatu inakungoja nyumbani jioni. Inayobaki ni ya shuleni tu, na kwa joto la darasa lako na jasho unalotoka naona uiongeze kidogo, iwe baina ya mililita 600 na 750. Ukihesabu hivyo, maji unayopaswa kuyapandisha kwenye daladala ni nusu, au zaidi kidogo, ya yale ya chupa ya Maskati. Maji lita 1 ni kilo 1, hilo unawafundisha watoto. Chupa ya stenlesi ya lita 1.2 ikiwa tupu ina gramu 600 hivi, kwa hiyo ikijaa unabeba karibu kilo 1.8. Ya mililita 600, ikiwa na gramu 300 zake, haifiki kilo moja. Bega lako litaijua hiyo tofauti kabla ya Gongo la Mboto.

Sasa kuhusu chupa ya dada yako. Umewahi kuitazama chini? Zile kubwa zenye mshikio na mrija huwa nyembamba chini na pana juu, na sababu yake ni kwamba zilibuniwa zikae kwenye shimo la kuwekea kikombe ndani ya gari. Mwenye nayo anaitoa jikoni, anaiweka garini, anaihamishia mezani ofisini. Haikukusudiwa kulala hata dakika moja. Mrija unahitaji hewa iingie ili maji yapande, na palipo na tundu la hewa, chupa ikilala maji yanatoka. Kwa hiyo usijilaumu kwa yale madaftari, na usiseme chupa ni mbovu. Imeumbwa kwa ajili ya siku ya mtu mwingine. Huko aliko dada yako, huenda kila anayemwona nayo anashuka kwenye gari.

Ukiamua kununua, kwako wewe kifuniko ndicho cha kutazama kwanza, kabla ya rangi na kabla ya bei. Unahitaji cha kuzungusha, kisicho na mrija wala kitufe, chenye mpira mzima unaotoka ili uoshwe. Kina usumbufu wake, maana lazima utumie mikono miwili kukifungua, na kwenye gari lililojaa hutaweza kunywa. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba garini mikono yako haina nafasi, kwa hiyo sioni unachopoteza. Cha kitufe ni chepesi kutumia ukiwa darasani, ila kile kitufe hubonyezwa na madaftari ndani ya begi. Cha mrija nisingekishauri kwa daladala, na mrija ulio wazi katika chumba cha chaki utakunywesha chaki.

Mdomo wa chupa nao una maneno mawili. Mpana unapitisha barafu na mkono wa kuoshea. Mwembamba unatunza baridi vizuri zaidi na haumwagi ovyo. Kwa nini unatunza zaidi? Chupa hizi ni ndugu wa ile chupa ya chai yenye maua iliyokuwa kwenye kabati la kila nyumba ya mama zetu. James Dewar, mwanasayansi kutoka Uskoti, aliibuni mwaka 1892 akiwa London, akitafuta namna ya kuhifadhi gesi alizozipoza mpaka zikawa kimiminika. Alichukua kuta mbili za kioo, akaiondoa hewa iliyo katikati, pakabaki ombwe. Mahali pasipo na hewa joto halina cha kupitia, isipokuwa lile linalosafiri kama mwanga, na hilo hurudishwa na mng'ao uliopakwa kwenye kuta. Za sasa zimeacha kioo zikachukua stenlesi, ujanja ni ule ule. Njia kubwa inayobaki ni shingoni, ambako kuta mbili zinakutana, na kwenye kifuniko, ambacho mara nyingi ni plastiki tu. Kadiri mdomo unavyokuwa mpana ndivyo mlango wa joto unavyopanuka.

Hapo ndipo utaelewa pia yale maneno ya saa 24 kwenye boksi. Hupimwa chupa ikiwa imejaa, imefungwa, haiguswi, katika chumba chenye ubaridi ambao Buguruni ya Februari haijawahi kuuona. Wewe utaifungua mara kumi na tano, na kila ukifungua hewa ya moto inaingia. Nayo ikibaki nusu, maji yaliyobaki ni machache na yanapata joto haraka, ndiyo maana ulipoijaza nusu ile ya lita 1.2 ukakuta vuguvugu. Chupa ndogo iliyojaa ni bora kuliko kubwa iliyo nusu. Halafu jiulize saa 24 za nini. Wewe unahitaji maji yanyweke kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni. Saa tisa. Chupa ya wastani yenye ombwe zima, ikipozwa kwanza kwa maji ya baridi kwa dakika kama tano, kisha ikajazwa na kutiwa barafu kidogo, itakufikisha hapo. Barafu ina nguvu kuliko tunavyodhani: gramu 100 zikiyeyuka zinameza joto la kutosha kushusha lita 1 ya maji kwa nyuzi 8 hivi. Vipande vitano au sita vinatosha. Nakusihi tu viwe vya maji uliyochemsha mwenyewe, maana kugandisha hakuui vijidudu, na barafu ya kununua hujui maji yake yametoka wapi. Wala usiitie chupa yenyewe kwenye friza. Maji yakiganda yanatanuka, na ukuta wa ndani ukivimba ombwe limekwisha.

Tena jiulize kama unataka maji ya baridi ya barafu, au unataka tu yasiwe ya moto. Si kitu kimoja. Wengi wetu tuliolelewa na mtungi tunapenda ule ubaridi wake wa kadiri unaopita kooni bila kukata. Kama ndio huo unaoupenda, habari ya barafu unaiacha kabisa, na maji ya friji ya usiku yaliyotiwa kwenye chupa ndogo yatakutosha.

Muuzaji aliyekwambia zote sawa hakukusaidia. Ndani ya bei zile kunaweza kuwa na vitu vitatu tofauti: chupa yenye ombwe, chupa yenye kuta mbili lakini hewa imo ndani, na chupa ya bati moja iliyopakwa rangi nzuri. Kwa macho hutazitambua. Mwambie akutilie maji yanayochemka, funga, subiri dakika tano, kisha papasa ubavu wote kwa kiganja. Ukisikia joto ubavuni, ombwe hamna. Shingoni pakiwa na joto kidogo si kasoro. Halafu ipindue juu ya karatasi kavu uitikise. Anayekukatalia kufanya hivyo, mwache na chupa yake. Ndani au chini tafuta maandishi 304 au 18/8, maana yake stenlesi yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi, isiyoshika kutu upesi. Najua maandishi hupigwa na yeyote, kwa hiyo yape uzito wa kadiri. Na wanaokuambia uijaribu kwa sumaku, kwamba isiyoshikwa ndiyo nzuri, usiwategemee sana, kwa sababu ipo stenlesi ya bei rahisi ambayo sumaku haiishiki vilevile. Ukishainunua, kuwa mwangalifu isianguke. Ikibonyea vibaya ubavuni inaweza kupoteza ombwe, hata kama haivuji tone.

Ushauri wa mwenzako wa chupa moja kwa chai ya maziwa na maji naufahamu, anakuonea huruma ya hela. Kwangu una hatari zaidi ya faida. Vijidudu huzaliana upesi katika chakula kilicho kati ya nyuzi 5 na 60, na maziwa yanayopoa polepole ndani ya chupa iliyofungwa hupita humo humo kwa saa nyingi. Harufu huingia kwenye mpira wa kifuniko, na maji ya mchana yatakuja na ladha ya maziwa yaliyolala. Mtu ambaye tayari anavutana na maji hapaswi kuwekewa kikwazo kingine. Kama chai ya asubuhi ni lazima, iwe na chombo chake, uinywe ufikapo.

Baba watoto nisingependa umwone kama mpinzani. Ana hoja. Kama ukijichunguza na kukuta tatizo si joto la maji bali ni choo au kusahau, basi chupa ya plastiki safi inatosha kweli, na zile Sh 28,000 zina kazi nyingine nyumbani. Ila zile za maji ya dukani zimetengenezwa zitumike mara moja. Hazipendi maji ya moto, hukwaruzika ndani na shingo yake haioshiki vizuri. Plastiki ngumu yenye mdomo mpana ingekuwa njia ya katikati. Hatari yake unaijua: saa 5 maji yatakuwa na joto la chumba, na huenda ukarudi kwenye kutokunywa.

Kwa mama mkwe, nenda kwa heshima. Yutiai huletwa na vijidudu, mara nyingi vile vinavyoishi kwenye utumbo, vikipanda kwenye njia ya mkojo. Ubaridi wa maji hauvileti. Lakini mama anayekuonya kuhusu maji ya baridi anakuwazia, na ukimwambia daktari amekuagiza unywe maji mengi nawe umechagua yasiyo na barafu, pengine mtapatana bila mtu kushindwa. Ukipata homa, maumivu ya mgongo upande wa figo au damu kwenye mkojo, usingoje maji yafanye kazi, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na chupa ya zambarau? Naona njia kadhaa, wala hakuna isiyo na gharama. Unaweza kuipa makao shuleni, mezani kwako ofisini, iwe ya kukaa tu, ukawa unaijaza huko. Lakini itahitaji maji salama shuleni. Labda walimu mchangie chupa kubwa ya maji ya kunywa, na tayari unajua kuchanga, una mchezo. Itahitaji pia pa kuifungia ukitoka, la sivyo siku moja hutaikuta, na kumweleza dada kwamba imepotea ni kuzito kuliko kumweleza kwamba ni nzito. Au iwe ya nyumbani: usiku inajazwa, alfajiri ndiyo inayokupa ile nusu lita ya kwanza, jioni ya tatu. Hapo dada yako angekuwa amekupa theluthi mbili za dawa yako. Au baba watoto aichukue, kama kazi yake ni ya kukaa mahali pamoja. Hilo huenda likakuuma kwa namna ambayo siwezi kuipima nikiwa huku.

Kuhusu kumwambia, nimeona unadhani ukweli utamuumiza. Huenda. Yuko mbali, ametoa alichonacho, na kusikia kwamba hakikufaa si kitu kidogo. Lakini yeye haulizi kuhusu chupa, Mwalimu. Anauliza kama bado unaugua. Kila unapomjibu inaendelea vizuri, yeye anasikia kwamba umepona. Ungeweza kuanza na hilo: umwambie yutiai ilivyo sasa, kisha lile tukio la madaftari, kisha maji ya alfajiri kutoka kwenye chupa ya zambarau, kama utakuwa umeshaanza. Ukiona ni mapema mno, unaweza kungoja mpaka uwe na habari njema kidogo ya kumpa, ila utajua kila simu inayopita inaongeza cha kueleza.

Ukishakuwa tayari, usimpigie katikati ya kazi zake. Ijumaa huko ni siku ya mapumziko, kama mwajiri wake anampa nafasi hiyo, na saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja. Iteremshe chupa kabatini kwanza, uifute, uijaze, uwe nayo mkononi akipokea.